Gari jipya, usukani unatetemeka kila nikikanyaga breki: gereji mara nne, na kilichokuwa kimejificha nyuma ya diski

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika baada ya miezi saba ya kupeleka gari lile lile, gereji ile ile, kwa tatizo lile lile. Gari nililinunua zero kilometa. Aina yake sitaitaja, wala gereji sitaitaja, maana ninachotaka mbaki nacho ni namna tatizo lilivyopatikana. Kama breki za gari lako jipya zimetengenezwa zikapona, zikarudia, zikatengenezwa tena zikarudia tena, tafadhali soma mpaka chini. Inawezekana kabisa kuna kitu hakuna aliyekipima.

Lilianza likiwa na kilomita 3,800. Nashuka mteremko, spidi 100 hivi, watoto wako nyuma. Nakanyaga breki kawaida tu, usukani ukaanza kucheza kushoto kulia mkononi. Haukuwa mtikisiko wa kunitoa njiani, lakini pete yangu ilikuwa inagonga usukani, tik tik tik tik, haraka, kisha taratibu kadiri mwendo ulivyopungua, mpaka kwenye 50 ikanyamaza. Nikaachia breki nikarudi 100: kimya. Nikakanyaga: tik tik tik. Hapo nikajua si balansi ya matairi, kwa sababu balansi ikiwa mbovu gari hutetemeka hata usipogusa breki.

Safari ya kwanza gereji, kilomita 4,200. Wakalizungusha mtaani kwa spidi 40, wakaandika kwenye jobu kadi "hakuna tatizo lililoonekana". Kwa spidi 40 hata mimi nisingeliona.

Safari ya pili, kilomita 5,100. Nikakaa kiti cha mbele na fundi, nikampeleka barabara kuu, akalisikia mwenyewe. Diski za mbele, yale masahani ya chuma yanayobanwa na pedi ukikanyaga breki, zikafunguliwa, zikachongwa kwenye mashine, zikarudishwa. Gari likawa laini kama siku ya kwanza. Nilishukuru sana. Kufika 8,500 tik tik ikarudi, mwanzoni kwa mbali, baada ya wiki mbili ikawa vile vile.

Safari ya tatu, kilomita 9,000. Diski mpya, pedi mpya, zote kwa waranti. Laini tena. Kufika 13,000 ikarudi.

Safari ya nne, kilomita 13,400, nikaambiwa tatizo ni mimi. Kwamba nakanyaga breki vibaya, nazishika muda mrefu, naziunguza. Wakuu, nimeendesha magari zaidi ya miaka ishirini na mteremko huwa nashuka kwa gia. Iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba katika safari zote nne, kwenye karatasi zote nne, hapakuwa na namba hata moja. Hakuna aliyeandika diski ina unene gani, hakuna aliyeandika inayumba kiasi gani. Walitazama, wakachonga, wakabadilisha, wakakisia.

Nikamtafuta mzee mmoja ambaye kazi yake ni breki tu. Sharti langu kwake lilikuwa moja: apime, asibadilishe kitu, asije akanipotezea waranti. Akakubali.

Akainua mbele, akafungua tairi la kushoto, kisha akarudisha nati zote tano na washa zake juu ya diski tupu na kuzikaza sawasawa, ili diski ikae kama inavyokaa tairi likiwepo. Akashika diski akaitikisa, beringi haikuwa na mchezo. Akafunga geji ya saa kwenye mguu wa shokapu, ile yenye uso wa saa na mshale, ncha yake ikagusa diski kama milimita 10 kutoka ukingoni. Akaanza kuizungusha kwa mkono, polepole. Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama, ukashuka. Mzunguko mmoja, kupanda kumoja na kushuka kumoja. Akaniambia niusome mwenyewe: 0.12 ya milimita.

Upande wa kulia: 0.03.

Kitabu cha gari langu kinasema kikomo cha diski kuyumba ni 0.05. Magari mengi madogo kikomo chao kiko kati ya 0.05 na 0.10, kwa hiyo angalieni cha gari lenu, msichukue changu.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo limenifanya niandike uzi. Akachukua chaki, akaweka alama kwenye diski pale mshale ulipofika juu kabisa, na alama nyingine mkabala na hapo kwenye habu, kile kitovu kinachozunguka ambacho diski na tairi hufungwa juu yake. Akafungua diski, akaizungusha nati mbili mbele, akaifunga upya, akapima tena. Akaniuliza, "Kilima kimekwenda na diski au kimebaki na habu?" Nikatazama. Alama ya diski ilikuwa imehama, lakini mshale ulipanda pale pale kwenye alama ya habu. Akasema diski haina kosa, hata ile ya kwanza waliyoitupa huenda haikuwa na kosa. Akaitoa diski, akaweka ncha ya geji kwenye uso wa habu yenyewe, karibu na ukingo wake: 0.05.

Mtauliza 0.05 inageukaje 0.12. Habu ni ndogo. Pale alipoipima ni kama milimita 65 kutoka katikati, na kwenye diski alipima kama milimita 140 kutoka katikati. Umbali ni zaidi ya mara mbili, na kuyumba nako kunaongezeka zaidi ya mara mbili. Kinachobaki ni uchafu kidogo uliokuwa kati ya habu na diski.

Mwisho akapima unene wa diski kwa mikromita, sehemu nane kuzunguka. Tofauti kati ya penye unene mkubwa na pembamba ilikuwa 0.024. Unywele wa mtu una kama 0.07. Yaani theluthi ya unywele ndiyo iliyokuwa inagonga pete yangu.

Jobu kadi zote nne ninazo, na karatasi ya mzee ninayo. Nimeandika barua leo. Nitarudi kuwaambia imeishaje. Mwenye swali aulize.

#2

Pole sana mkuu. Ila mimi naona unazunguka mbuyu. Diski za siku hizi ni laini, zinapinda. Unatoka safari diski ya moto, unapeleka gari kuoshwa, maji ya baridi yanapiga, diski inapinda hapo hapo. Nunua diski nzuri ufunge, yataisha.

#3 (mleta uzi)

Nimekuelewa mkuu, na nami nilikuwa naamini hivyo hivyo. Lakini fikiria: mara tatu kwa upande ule ule, diski ya kiwandani, ile ile ilipochongwa, na mpya, zote zipinde kushoto tu na kulia zisipinde? Maji ya kuoshea yanapiga pande zote mbili. Na kama zinapinda kwa maji, kwa nini kila mara ilichukua kilomita 3,400 mpaka 4,000 kurudi, isiwe siku ya kuosha?

Hicho cha kilomita ndicho mzee alichonifafanulia nikatulia. Diski inayoyumba haikutetemeshi siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza kalipa, ile inayoshika pedi, inacheza nayo, pedi zinafuata, husikii kitu. Shida inaanza ukiwa *hujakanyaga* breki. Pedi ziko karibu mno na diski, na kila mzunguko kile kilima kinapita kinaigusa pedi kidogo, kama kidole kinachopitishwa ukutani. Tairi la gari dogo lina mzingo wa kama mita 2, maana yake mizunguko 500 kwa kila kilomita moja. Kilomita 4,000 ni mara milioni mbili pale pale pamesuguliwa. Pale pamekuwa pembamba. Sasa ukikanyaga breki, pedi zinabana penye unene na kulegea penye wembamba, na kwa spidi 100 hilo linatokea kama mara 14 kwa sekunde. Ndiyo tik tik yangu.

Kwa hiyo ukichonga au ukibadilisha diski unafuta wembamba, gari linakuwa zuri kweli, fundi hadanganyi. Lakini habu iko pale pale inaanza kuilima diski mpya kuanzia kilomita ya kwanza.

#4 (fundi, breki na miguu)

Mleta uzi amesema sawa, na huyo mzee anajua kazi. Niongezee machache kutoka upande wa spana.

Kwanza, msikimbilie habu. Habu mbovu kwenye gari jipya ipo ila si ya kila siku. Ninachokutana nacho zaidi ni kutu au uchafu kati ya habu na diski. Kipande cha kutu usichokiona kwa macho kinatosha kuilaza diski. Kila nikifungua diski nasugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, nazunguka kila bolti, nafuta, ndipo naweka. Fundi anayetoa diski ya zamani na kuchomeka mpya bila kusugua amefanya nusu ya kazi.

Pili, nati. Mashine ya upepo inakaza nati moja mpaka mwisho kabla nyingine hazijagusa, na kila moja inapata nguvu yake. Diski inabanwa upande mmoja. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa kuruka ruka kama unachora nyota, kisha mwisho kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu. Kama kutetemeka kulianza siku chache baada ya kubadilisha tairi au kuziba pancha, anza hapo. Legeza zote, kaza upya kwa utaratibu. Nimeona magari yakipona kwa hilo peke yake, kama limewahiwa kabla diski haijalika.

Tatu, diski na pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa. Kwenye barabara tupu, toka spidi 60 shuka mpaka 15 kwa breki za wastani, usisimame kabisa, achia, acha zipoe kidogo kwa kutembea, rudia mara nane au kumi. Ukizichemsha kisha ukasimama umekanyaga, pedi inaacha alama yake kwenye diski ya moto, kiraka cha vumbi la pedi kilichogandia. Hicho nacho ni unene, na kinatetemesha vile vile.

Na kwa mchangiaji #2: chuma cha kuyeyusha cha diski kupinda kwa matumizi ya kawaida ni nadra sana. Watu wanasema "imepinda" kwa sababu inatetemeka. Ukiipima ukaikuta imepinda, nitakubali.

#5

Fundi asante. Swali dogo: mimi langu linatetemeka kwenye kiti, usukani umetulia tuli. Ni hili hili?

#6 (fundi, breki na miguu)

Mara nyingi usukani ukicheza ni mbele, kiti na sakafu vikitetemeka usukani umetulia ni nyuma. Pedeli ikidunda chini ya mguu inaweza kuwa popote. Waambie wapime nyuma kwanza. Na kama nyuma una breki ya mkono ya umeme, wasirudishe pistoni kwa nguvu, wailaze kwanza kwa kompyuta, la sivyo wataua mota yake.

#7

Mimi ni dada, nina haibridi mpya ya miezi mitatu. Langu halitetemeki. Nikiwa nakanyaga breki polepole halafu tairi likapita kwenye shimo au tuta, kwa nukta moja nahisi kama breki zimeniachia, gari linasukuma mbele, kisha zinashika tena. Nimewaambia wakasema haibridi zote ziko hivyo. Moyo unaniruka kila mara. Ni kweli ziko hivyo?

#8 (mleta uzi)

Dada, si mawazo yako. Haibridi ina breki mbili ndani ya pedeli moja: mota inayorudisha umeme kwenye betri, na breki za mafuta za kawaida. Ukikanyaga kidogo mota ndiyo inafanya kazi kubwa. Tairi likiteleza juu ya tuta, ABS (mfumo unaozuia matairi yasikwame ukifunga breki) inaingia, mota inajitoa, breki za mafuta zinachukua nafasi. Kukabidhiana huko kukichelewa kidogo tu, unahisi hicho unachokihisi.

Kuna mfano unaojulikana dunia nzima. Februari 2010 Toyota waliita magari kama 437,000 ya haibridi, Prius yakiwa ndiyo mengi, kwa malalamiko yanayofanana sana na haya yako. Wenye magari walisema breki zinapotea kidogo kwenye mashimo na barabara inayoteleza. Tiba yake ilikuwa kubadilisha programu ya ABS, hakuna chuma kilichobadilishwa. Sisemi la kwako ni lile. Nasema "zote ziko hivyo" si jibu. Muulize muuzaji kwa maandishi mambo mawili: programu ya breki ya gari langu ni toleo gani, na je, liko toleo jipya zaidi? Na mpe namba ya chasisi, zile herufi na tarakimu 17, aangalie kama gari lako limo kwenye orodha ya kuitwa. Hilo ni bure na linachukua dakika chache.

Programu inabadilisha breki kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018 jarida la Marekani la Consumer Reports lilipima Tesla Model 3, kutoka spidi ya kama 97 ikasimama kwa mita 46 hivi, wakakataa kuipendekeza. Siku chache baadaye Tesla wakatuma programu kwa njia ya intaneti, gari lile lile likapimwa tena, likasimama kwa mita 40 na nusu. Karibu mita sita, na hakuna aliyeshika spana.

Mpaka hapo, acha nafasi kubwa mbele yako, na ukiona tuta, kanyaga breki kabla yake na uziachie tairi linapopanda.

#9

Wakuu nisaidieni. Yangu ina wiki sita. Nikisimama kwenye taa nimeshika breki, pedeli inazama yenyewe polepole mpaka karibu na sakafu. Nikipampu inarudi juu. Taa ya dashibodi haijawaka. Kesho nina safari ndefu, nikirudi ndiyo niipeleke?

#10 (fundi, breki na miguu)

USIENDE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.

Kutetemeka kwa mleta uzi kunachosha, lakini gari lake lilikuwa linasimama. Pedeli inayozama ni habari nyingine kabisa. Ama mafuta yanavuja nje, ama masta silinda, pampu inayosukumwa na pedeli, inavuja kwa ndani, mpira wake unapitisha mafuta na presha haikai. Inavuja kwa ndani bila tone kuonekana chini na bila taa kuwaka, maana taa inasubiri mafuta yapungue kwenye kopo.

Jaribu hivi ukiwa umesimama mahali tambarare. Injini imezimwa, pampu pedeli mara tano sita mpaka iwe ngumu, kisha ishikilie kwa mguu bila kuachia kwa dakika moja. Ikizama, presha inapotea. Kisha ukiwa umeishika, washa injini: hapo pedeli *inapaswa* kushuka kidogo kisha isimame, hiyo ni busta, kile kinachousaidia mguu wako kukanyaga, inafanya kazi yake, usiiogope. Ila isimame. Ikiendelea kushuka, gari libebwe kwenda gereji, usiliendeshe.

#11

Nimefanya sasa hivi. Injini imezimwa, inazama. Nimewapigia wanakuja na gari la kubeba. Safari nimeahirisha. Mungu akubariki fundi.

#12

Mimi langu asubuhi linakwaruza breki mbili tatu za kwanza halafu kimya. Nalo jipya.

#13 (fundi, breki na miguu)

Umande na kutu nyepesi ya usiku juu ya diski. Pedi inaifuta. Ikikwaruza mchana kutwa ndiyo urudi hapa.

#14

Na mimi nichangie, maana yangu yalinichukua miezi minne. Gari jipya, kila nikikaribia kusimama, spidi 10 au 8 hivi, pedeli inatetemeka chini ya mguu na kulia grrr, na gari linasogea nusu mita zaidi ya nilipotaka. Barabara kavu kabisa. Wakanibadilishia pedi, kisha diski. Wapi! Fundi wa tatu ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: "Inafanya kwa spidi gani?" Nilipomwambia, akasema hiyo si breki, hiyo ni ABS inaingia bila kuitwa. Akaunganisha kompyuta, tukatembea huku anatazama spidi za matairi yote manne kwenye kioo. Matatu yalishuka pamoja 12, 10, 8, 6. La nyuma kulia lilishuka 12, 10, kisha 0, kisha 7. Kompyuta ya gari ilikuwa inadhani tairi limekwama inaachia breki zake. Sensa ilikuwa na unga wa chuma umeganda kwenye ncha yake. Akafuta kwa kitambaa, akairudisha. Basi. Miezi minne.

#15 (mleta uzi)

Huu mchango ningeomba kila mtu ausome mara mbili. Tatizo lako na langu yote yanaitwa "breki inatetemeka" kwenye jobu kadi, na yote yalitibiwa kwa diski mpya. Lako lilikuja kwa spidi 8, langu kwa spidi 100. Ukienda gereji andika mwenyewe kwenye karatasi kabla hujakabidhi funguo: spidi gani linaanza na gani linaisha, breki za moto au za baridi, umekanyaga kidogo au sana, usukani au pedeli au kiti, limenyooka au linavuta upande. Na usiwaache waandike "mteja analalamika breki". Waandike maneno yako.

#16

Mkuu, na haki zetu? Gari jipya, mara nne gereji, si lirudishwe tu?

#17 (mleta uzi)

Inategemea uko nchi gani na mkataba wako unasemaje, kwa hiyo soma karatasi za waranti kwanza. Lakini kuna mambo yanayofanana karibu kila mahali: wanaangalia tatizo lilianza lini, limetengenezwa mara ngapi, na je, ni la usalama. Uingereza, chini ya sheria ya haki za mlaji ya 2015, mnunuzi wa kawaida anaweza kulikataa gari bovu ndani ya siku 30, na baada ya hapo muuzaji anapewa nafasi moja ya kulitengeneza kabla mnunuzi hajawa na haki ya kulikataa. Marekani, kila jimbo lina sheria yake ya magari mapya mabovu. La kwanza lilikuwa Connecticut mwaka 1982. California, kama kosa linaweza kusababisha kifo au majeraha makubwa, majaribio mawili ya kulitengeneza yanahesabiwa kuwa yametosha, wakati kosa la kawaida ni manne, ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo.

Kwa hiyo tarehe na kilomita kwenye kila jobu kadi ni mali. Mimi safari ya kwanza walitaka kunirudishia gari bila karatasi kwa kuwa "hatujafanya kitu". Niligoma mpaka wakaandika. Karatasi ile isiyo na kitu ndiyo iliyothibitisha kwamba tatizo lilikuwepo tangu 4,200.

#18

Barua uliandikaje? Ya hasira?

#19 (mleta uzi)

Hapana, ukurasa mmoja. Tarehe na kilomita za safari nne, mstari mmoja kila moja. Kisha vipimo: diski ya kushoto 0.12, ya kulia 0.03, kikomo cha kitabu 0.05, diski ilipohamishwa nati mbili kilima kilibaki kwenye habu, uso wa habu 0.05, tofauti ya unene 0.024. Kisha ombi moja: naomba mpime habu ya kushoto mbele yangu. Nakala kwa kampuni iliyotengeneza gari. Nilikuwa na hasira nyingi, ila hazikuingia kwenye karatasi ile.

#20 (mleta uzi, mrejesho)

Wakuu, wiki tatu baada ya barua waliniita. Safari ya tano, kilomita 14,100. Safari hii alikuwepo mhandisi wa kampuni yenyewe, kijana mpole, amekuja na geji yake. Akapima kimya kimya, akafanya ule ule mchezo wa kuhamisha diski. Hakubishana. Akamwambia fundi, "Agiza habu na beringi yake." Yule aliyeniambia nakanyaga vibaya alikuwa amesimama pembeni, akaja kunishika mkono, akasema samahani kaka. Nimeipokea kwa moyo.

Wakafunga habu mpya kushoto, diski na pedi mpya pande zote mbili. Nikaomba wapime kabla hawajarudisha matairi, na waandike. Kushoto 0.02, kulia 0.03. Nati zilikazwa kwa toki renchi, kwa mkono, kwa mpangilio wa nyota. Jobu kadi ya tano ndiyo ya kwanza yenye namba.

#21

Mkuu umefika kilomita ngapi sasa? Maana mara zote ilikuwa inarudi kwenye 4,000.

#22 (mleta uzi)

Swali zuri, na ndiyo sababu nilikaa kimya muda wote huu. Leo gari lina 22,600, ni kilomita 8,500 tangu habu ibadilishwe. Jana nilirudi kwa mzee, akapima bila kulipwa kwa sababu naye alitaka kujua. Kushoto 0.03. Tofauti ya unene, sehemu nane kuzunguka, haifiki 0.005. Nimepita mteremko ule ule leo asubuhi kwa spidi 100, nikakanyaga mpaka 40. Pete imetulia. Nitapima tena kwenye 30,000 na kuweka namba hapa hapa.

#23

Na mimi mchangiaji #5, la kutetemeka kwenye kiti. Wamepima nyuma: kulia 0.02, kushoto 0.09. Walipotoa diski wakakuta ganda la kutu kwenye habu dogo kama ukucha wa mtoto. Wamesugua wakarudisha diski ile ile, imesoma 0.02. Unene ulikuwa bado haujaharibika. Kimya.